Hati ya DD 214 Haikufundishi Kubeba Bastola

Hotuba kwa wastaafu wa jeshi la Marekani wanaozungumza Kiswahili, jimbo la Virginia

Wazee wangu, shikamooni. Mama zetu, ndugu zangu mliovaa magwanda, na ninyi mliobaki nyumbani mkisubiri simu za usiku kutoka Kuwait na Afghanistan, asanteni kwa kuja. Chai iko tayari na mandazi yananukia hadi hapa mbele, lakini nimeombwa niseme jambo moja, na nitalisema lote.

Nianzie dirishani kwa karani wa mahakama. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nitoke jeshini. Nilikuwa nimejaza fomu ya kuomba kibali cha kubeba bastola kwa kuificha, nikatoa kitambulisho, nikatoa na hati yangu ya DD 214, ile karatasi unayopewa unapotoka jeshini. Karani, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alishusha kidole hadi kisanduku cha 24, pale panapoandikwa uliachana na jeshi kwa namna gani. Akaona nimeondoka kwa heshima. Akachukua nakala, akapokea dola 50, akaniambia nirudi nyumbani nisubiri. Siku 45 hazijatimia, kibali kikafika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka sita niliyokaa jeshini nilikuwa mtu wa stoo. Nilihesabu matairi, betri na mahema. Silaha yangu ilikuwa bunduki ya M4. Nilikuwa naenda uwanjani, napewa risasi 40 kwa shabaha 40 zinazoibuka na kuzama, ya karibu mita 50, ya mbali mita 300. Ukiangusha 23 umefaulu. Mimi nilikuwa naangusha 34, 35, na nilijivunia. Bastola walibeba maofisa, polisi wa jeshi na wengine wachache ambao kazi zao ziliwataka wawe nayo. Mimi sikuwa miongoni mwao. Siku kibali kile kilipofika kwenye sanduku langu la barua, hakuna binadamu aliyewahi kunifundisha kuchomoa bastola kutoka kiunoni chini ya shati, sokoni, mwanangu akiwa amenishika mkono wa kushoto.

Na hakuna aliyekosea. Yule mama alifanya kazi yake. Kifungu cha 18.2-308.02 cha sheria za Virginia kinataka mwombaji aonyeshe kwamba ana ujuzi wa silaha, kisha kinataja njia za kuuonyesha: kozi ya usalama wa wawindaji, kozi ya bastola kwa mwalimu anayetambulika, mashindano ya kulenga shabaha, na kwetu sisi, kuwa jeshini sasa hivi au kuwa na uthibitisho kwamba uliachwa kwa heshima. Raia wa kawaida, tangu tarehe 1 Januari 2021, hawezi tena kufanya kozi kwenye mtandao. Lazima akae mbele ya mwalimu. Mstaafu anaweka karatasi mezani, basi. Sheria haiulizi ulikuwa mpishi, fundi wa redio au mlenga shabaha wa kikosi maalumu. Haiulizi ulitoka mwaka jana au 1988.

Niwape ya karatasi haraka, maana najua baadhi yenu mmeshazibeba mfukoni. DD 214 ina nakala fupi na nakala ndefu. Ile fupi haina kisanduku cha 24, kwa hiyo haikusaidii kitu pale dirishani. Beba ndefu, ile iliyoandikwa Member 4 chini. Aliyekuwa Gadi ya Taifa, yaani National Guard, ana fomu ya NGB 22. Umri ni miaka 21. Aliye na grinikadi anaruhusiwa kuomba, si lazima uwe raia. Aliyeachwa jeshini kwa aibu, kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi, huyo sheria ya taifa zima inamkataza kumiliki silaha yoyote, si bastola ya kuficha tu. Kibali kinadumu miaka mitano. Na sheria hubadilika, kwa hiyo kabla hujaenda, soma ile ya mwaka unaoomba.

Sasa turudi kwenye lililonileta.

Mimi nawaomba, pamoja na karatasi yenu nzuri, mwende darasani. Mkae na vijana wa miaka 21 ambao hawajawahi kuvaa buti. Mlipe. Mpige risasi mbele ya mtu anayejua, awaambie makosa yenu. Najua neno hili linachoma. Mtu alilala kwenye vumbi la Helmand, Afghanistan, mwaka mzima, halafu mimi namwambia akajifunze bunduki? Mjomba mmoja hapa aliniambia wiki iliyopita, "Mwanangu, mimi hati hiyo nimeilipia." Ni kweli ameilipia, na simnyang'anyi hata chembe. Ila nataka tutazame kwa pamoja alichofundishwa alipokuwa anailipia.

Jeshini silaha yako inaonekana. Inaning'inia kifuani kwa mkanda, kila mtu anaiona, na kila mtu aliye karibu nawe anayo ya kwake. Usiku inarudi kwenye ghala la silaha, unasaini, mlango wa chuma unafungwa. Ukirudi kutoka doria, langoni kuna pipa la mchanga: unatoa magazini, unavuta nyuma, unatazama chemba, unaelekeza mtutu ndani ya pipa, na sajenti amesimama pale akikuangalia kama unadaiwa. Usalama wote ule tulioushika vidoleni ulikuwa na watu wengi nyuma yake. Uraiani hakuna pipa, hakuna sajenti, hakuna ghala. Ni wewe na droo ya kando ya kitanda.

Nilikwenda darasani miaka miwili baada ya kupata kibali, na nilikwenda kwa sababu ya aibu, nitawasimulia baadaye kidogo. Mwalimu alikuwa mzee aliyetumikia Marine, jeshi la wanamaji wa nchi kavu, mikono mikubwa, sauti ndogo. Alinipa bastola ya plastiki ya rangi ya buluu, isiyotoka kitu, akaniambia niivae kwenye ala kiunoni, nishushe shati langu juu yake kama ninavyotembea mjini. Akasema, "Chomoa." Nikachomoa. Shati likanasa kwenye mpini, nikavuta kwa nguvu, na ilipotoka kidole changu cha shahada kilikuwa tayari kwenye kifyatulio, mtutu ukiwa bado umeelekea chini. Mzee hakucheka. Aligusa paja langu la kulia kwa kalamu, akasema, "Hapa ndipo risasi yako ilipoingia. Kuna mshipa mkubwa hapa. Una dakika chache." Kisha akaniambia nirudie, polepole, mkono wa kushoto unapandisha shati hadi kifuani, kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola, macho mbele. Nilirudia kama mara sitini. Nilitoka jasho kama niliyebeba magunia.

Miaka sita ya jeshi haikunipa kile nilichokipata asubuhi ile.

Na hiyo ni mikono tu. Nusu ya pili ya siku tulifungua sheria, na hapo ndipo wastaafu wote tuliokuwamo tulinyamaza. Tulikuwa tumezoea kanuni za vita: kadi ndogo mfukoni, amri kutoka juu, na mwanasheria wa kikosi ukihitaji. Hapa Virginia hata sheria ya kujitetea yenyewe haiko kwenye kifungu kimoja ambacho unaweza kukisoma jioni moja. Imejengwa na hukumu za majaji kwa miaka mingi. Kama hukuwa na kosa lolote katika kuanza ugomvi, hulazimiki kurudi nyuma. Kama ulichangia, ulimsukuma mtu, ulimfuata hadi kwenye gari lake, basi unatakiwa kurudi nyuma kadiri unavyoweza na kuonyesha kwamba unataka yaishe, kabla ya kufikiria kitu kingine. Maneno peke yake, hata yawe matusi ya nguoni, hayakupi ruhusa. Mali peke yake haikupi ruhusa. Mtu anayekimbia na televisheni yako anakimbia, mwache akimbie, piga simu polisi. Ni wangapi hapa waliyajua haya siku walipopewa kibali? Inueni mikono. Naona mitatu.

Kuna na mahali. Ukivuka daraja kutoka Arlington kuingia Washington, kibali chako cha Virginia kinakuwa karatasi tu. Maryland vilevile. Tuna vijana hapa wanaoendesha teksi za simu, abiria anapanda Alexandria anashuka Bethesda, Maryland, na dereva ameshakuwa mhalifu katikati ya daraja bila kujua. Ukiwa nayo imefichwa na umeingia mkahawa unaouza pombe, usinywe. Ofisi ya posta, hapana. Kambi ya jeshi, pale pale ulipotumikia, hapana, isipokuwa kwa ruhusa ya kamanda. Na hili liwaingie hasa: eneo la hospitali ya wastaafu, iwe Richmond, iwe Hampton, iwe Salem, silaha haziruhusiwi, wazi wala za kuficha. Kanuni inazungumzia eneo lote, si jengo peke yake. Sisi tunaokwenda pale kila mwezi kuchukua dawa ndio tunaoweza kunaswa kwa urahisi kuliko mtu mwingine yeyote, na DD 214 haikuwahi kutuambia neno hilo.

Kisha polisi. Hapa naomba mnivumilie, maana nasema kama mtu mweusi kwa watu weusi. Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, kijana aitwaye Philando Castile, miaka 32, alisimamishwa na polisi akiwa na mchumba wake na binti wa miaka minne kiti cha nyuma. Alikuwa anafanya kazi kwenye mkahawa wa shule. Alikuwa na kibali. Kwa adabu kabisa alimwambia polisi kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alipigwa risasi, akafa. Polisi yule alishtakiwa, na 2017 baraza la raia mahakamani likamwachia huru. Siwezi kuwaambia kuna somo lolote la darasani ambalo lingemwokoa Castile. Alifanya mengi sawasawa. Naweza kuwaambia tunachofundishana sisi tuliobaki: kibali na leseni ya udereva visikae upande mmoja na bastola. Taa ya ndani washa. Mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vimetanuka. Virginia inakutaka uwe na kibali na kitambulisho na uvionyeshe polisi akivitaka; akikuuliza, sema ulipo mkono wako na unakokwenda kabla haujaenda, na kama Kiingereza kinakupotea ukiwa na hofu, jizoeze sentensi hiyo moja nyumbani hadi uiseme usingizini. Kwa Kiingereza. Mke wako akae kiti cha pembeni aigize polisi. Mimi na mke wangu tulifanya hivyo kwenye maegesho ya nyumba yetu, majirani wakitazama.

Sasa ile aibu.

Mnajua shughuli zetu. Iwe harusi, iwe arobaini, iwe kuchangia mtu aliyefiwa, wageni wakifika wakati wa baridi makoti yote hutupwa kitandani kwenye chumba cha ndani, na watoto hujazana humo humo kucheza. Usiku mmoja, pilau imeshaliwa, nikaingia chumbani kutafuta koti langu. Watoto watano au sita walikuwa wanaruka juu ya kitanda, wanajifukia kwenye makoti, wanatokea upande wa pili wakipiga kelele. Nikaliona langu, nikalivuta, nikahisi uzito. Bastola ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeitoa kiunoni kwenye gari kwa sababu ilinibana nilipokaa, nikaitia kwenye koti, nikasahau. Saa tatu nzima. Risasi kwenye chemba. Binti wa mwenye nyumba alikuwa na mkono wa koti langu shingoni kama skafu.

Hakuna aliyejua. Nililivaa lile koti nikaondoka bila kuaga, na mwenye nyumba hadi leo anadhani nilikasirika. Naomba anisamehe, yuko hapa ukumbini.

Virginia ina kifungu cha kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 14 anaweza kudhurika. Tangu 2020 ni kosa linaloweza kukupeleka jela hadi miezi 12. Lakini usiku ule sikuwaza jela. Niliwaza sajenti wangu na pipa lake la mchanga. Jeshini kusahau silaha kwa dakika tano ni balaa, kambi nzima inafungwa, watu wanatambaa kwenye nyasi hadi ipatikane. Mimi nilisahau saa tatu, na hakuna king'ora kilicholia.

Baadhi ya majimbo yamelifikiria jambo hili kwa namna ninayoiheshimu. Illinois, ambako tuna ndugu wengi kutoka Kongo, raia anatakiwa saa 16 za mafunzo. Mwanajeshi au mstaafu aliyeachwa kwa heshima anapewa nafuu ya saa 8. Wanakubali kwamba ulijifunza kitu, na wanakupunguzia nusu. Nusu iliyobaki unakaa kwa ajili ya sheria za Illinois na kushika silaha, na unapiga risasi 30 kwa bastola: 10 kutoka yadi 5, 10 kutoka 7, 10 kutoka 10, na asilimia 70 ziingie. Huo kwangu ndio uungwana. Virginia haitaji hata saa za kozi, haitaji risasi hata moja. Na kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa yameruhusu watu kubeba bila kibali kabisa, pamoja na jirani zetu West Virginia, Kentucky na Tennessee. Kwa hiyo msingoje sheria iwalazimishe. Haina haraka hiyo.

Kuna jambo moja zito zaidi, na nimelibakiza kwa sababu sikujua kama sauti itanitoka.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wengi wetu hapa tumeumwa. Tunakaa mkahawani mgongo ukutani. Fataki za tarehe 4 Julai tunazisikilizia bafuni. Mtu wa namna hiyo akibeba bastola, lazima ajiulize anaibeba dhidi ya nani. Marekani hupoteza wastani wa zaidi ya wastaafu 17 kila siku kwa kujiua, na karibu watatu kati ya kila wanne wanatumia silaha ya moto. Mwenzangu wa stoo, tuliyelala vitanda vya jirani miezi tisa, ni mmoja wao. Alikuwa na kibali. Alikuwa na DD 214 safi kuliko yangu. Hakuna aliyewahi kumwambia, siku alipopewa ile karatasi, kwamba ukiona usiku umekuwa mrefu mpe rafiki funguo.

Kwa hiyo mwalimu yeyote mzuri atazungumza hilo pia, na kama hazungumzi, muulizeni. Sanduku la chuma lenye namba. Kufuli la waya, VA, idara ya serikali ya wastaafu wa jeshi, wanatoa bure, omba tu. Rafiki mmoja anayejua namba yako na anayeruhusiwa kuja kuchukua bila kuuliza maswali. Wapo wanaoogopa kwamba wakienda kuongea na mshauri watanyang'anywa kibali. Kwenda kwa hiari yako kuzungumza na mshauri hakukunyang'anyi chochote. Ukizidiwa, piga 988, simu ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, kisha bonyeza 1. Anapokea mtu. Mimi nimepiga, Februari mwaka mmoja saa tisa usiku, na alipokea mwanamke mwenye lafudhi ya Texas aliyenisikiliza hadi adhana ya alfajiri ilipolia kwenye simu yangu.

Jumamosi hii tuna darasa. Mzee wangu wa Marine atakuwepo, mimi nitatafsiri kwa Kiswahili, na mama mmoja aliyekuwa polisi wa jeshi atawafundisha wanawake peke yao mchana, maana kubeba kwenye pochi kuna hatari zake na wanaume hatuzijui. Tunaanza saa tatu asubuhi. Njooni na mkanda mgumu, shati ambalo huwa mnalivaa kila siku, na ala inayofunika kifyatulio chote. Bastola ije tupu ndani ya begi lililofungwa. Risasi ziacheni kwenye buti la gari hadi mzee aziite.

Mjomba, wewe kaa na mimi mstari wa mbele. Nimeshakulipia.